Kuweka kihisi cha hewa au kelele mtaani Nairobi na kutoa data kwa umma bila kuwaanika majirani

Vidude vya kupima hewa siku hizi si ngumu kupata, vijana wanaunda wenyewe, shule zinapewa, vikundi vya mtaa vinachanga ama vinatafuta mfadhili, na hilo ni jambo zuri sana juu hapa Nairobi mtu anavuta moshi wa dampo la Dandora, moshi wa matatu za dizeli, moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya ploti, na hakuna mtu wa kumwonyesha amevuta kiasi gani. Shida ni kwamba mipango mingi ina kurasa na kurasa za mashine halafu mistari miwili ya watu wanaoishi chini ya hiyo mashine. Mwongozo huu ni wa hiyo sehemu ya mistari miwili. Ukisahau mengine yote ninayosema hapa shika hili: pima mahali, usipime watu. Nyingi ya hatua zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Andika swali, halafu andika kile hutakusanya

Kabla hujanunua kitu chochote kaeni kama kikundi muandike swali moja kwa Kiswahili cha kawaida. "Watoto wa shule yetu wanavuta vumbi kiasi gani wakati wa kuingia darasani na wakati wa kutoka?" Hilo ni swali. "Tunataka mtaa wa kidijitali" si swali, na ukianza na hilo utajikuta umenunua kila kitu, kamera ndani, maikrofoni ndani, kitu ya kusoma simu za wapita njia ndani, juu hujui nini cha kukataa.

Ukishapata swali, chukua karatasi nyingine uandike orodha ya vitu ambavyo kifaa hakitachukua hata kama kinaweza. Hii orodha ndio muhimu kushinda ile ya kwanza. Sura za watu, sauti za watu, namba za gari na boda, namba za simu, na ile anwani ambayo simu hutangaza ikitafuta WiFi ama Bluetooth. Wengi hawajui kuhusu hiyo ya mwisho. London mwaka 2013 kuna kampuni iliweka vifaa kwenye mapipa ya taka barabarani vikawa vinahesabu simu za watu wanaopita kwa kutumia hizo anwani, watu wakashtuka wakalalamika na mwezi wa Agosti wasimamizi wa City of London wakaamuru isimamishwe. Pipa la taka! Mtu anatupa gazeti kumbe anahesabiwa.

Kwa kelele ni rahisi kukosea zaidi, juu kipimo cha kelele lazima kiwe na maikrofoni na maikrofoni haijui kama inasikia spika ya baa ama mama na baba wakigombana nyumba ya tatu. Njia salama ni kifaa kihesabu desibeli hukohuko ndani kisha sauti yenyewe itupwe papo hapo, kinachotoka kwenda kwa seva ni namba peke yake. Usikubali muundo ambao sauti inatumwa kwanza halafu "itafutwa baadaye". Baadaye haifiki, seva inajaa, mtu anabadilisha kazi, nenosiri linabaki kwa kompyuta ya mtu, na siku moja kuna mtu anaskiza. Katiba yenyewe, kifungu cha 31, inalinda mawasiliano ya mtu yasiingiliwe na mambo yake ya kifamilia yasianikwe bila sababu.

Na kamera ya kuhesabu magari? Ushauri wangu ni usiweke, vijana wawili na karatasi kwa siku chache watakupa hesabu ya magari ya kutosha. Ukilazimika kabisa basi picha ihesabiwe ndani ya kifaa na ifutwe hapohapo, itoke namba tu.

Hatua ya 2: Jua sheria gani inakugusa

Sitakupeleka darasa la sheria lakini kuna vifungu ambavyo utavitumia kila mara, kwa hivyo viwe mdomoni. Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea hiyo haki bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyoko kwa serikali. Cha 31 nishakitaja, ni faragha. Unaona zinavyovutana, moja inakusukuma kutoa habari na nyingine inakuzuia kuanika mtu, na kazi yako ni kukaa katikati.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ambayo inasimamiwa na ofisi ya Kamishna wa Data, watu huiita ODPC. Vumbi hewani si data ya mtu. Lakini jina la mama aliyekubali kifaa kiwekwe kwake, namba yake ya simu, lokesheni ya nyumba yake, hiyo ni data ya mtu na sheria inakugusa hata kama nyinyi ni kikundi cha vijana saba na akaunti ya M-Pesa. Kanuni za usajili zilianza kufanya kazi Julai 2022 na zinasamehe wale wadogo, yaani walio na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini kuna shughuli hazisamehewi hata ukiwa mdogo namna gani na moja ni kuendesha CCTV za usalama. Umeona sasa kwa nini nakataa kamera. Kusamehewa usajili pia haimaanishi umesamehewa sheria, kanuni zingine zote bado zinakushika.

Usidhani hii ofisi inalala. Mwaka 2023 klabu moja hapa Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo yule anayetaka kupiga watoto picha wakiwa wamezunguka kifaa kipya ili apeleke kwa mfadhili, mwambie pole pole, idhini ya mzazi kwanza.

Kama mradi wenu unaweza kuweka watu kwa hatari kubwa, kwa mfano kufuatilia eneo la umma kwa upana na mfululizo, sheria inataka tathmini ya athari ifanywe na ipelekwe kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Hiyo tathmini si karatasi ya kupamba faili. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha Huduma Card, kile kitambulisho cha kidijitali, kwa sababu serikali ilianza bila kuifanya. Serikali nzima. Na kama kuna chuo ama mtafiti ndani ya mradi uliza mapema kuhusu kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, na cha kamati ya maadili, usingoje hadi data ikusanywe ndio uanze kutafuta mihuri.

Hatua ya 3: Ongea na mtaa kabla ya kupanda ngazi

Hapa usiharakishe kabisa. Kuna wale wanafikiri ruhusa ni ya landilodi peke yake juu ukuta ni wake, lakini anayelala karibu na kifaa ni mpangaji, anayekiona kila asubuhi ni mama mboga hapo kwa geti, na anayeulizwa maswali na polisi ni keyateka. Ongea na wote. Mjulishe chifu na wazee wa nyumba kumi, mjulishe ofisi ya wadi, lakini usiwafanye hao ndio mtaa. Ruhusa ya chifu haiwezi kuwa ruhusa ya mpangaji.

Kwenye baraza beba kifaa chenyewe, kifungue, watu washike. Swali la kwanza nalijua tayari juu ni lilelile kila mahali, mama mmoja anasimama nyuma anauliza, "Kijana, hii kitu inaskiza?" Usianze kueleza mambo ya leza na saketi. Sema: "Hapana mama, haina maikrofoni, njoo uone. Hapa ndio hewa inaingia, hii feni ndogo inavuta, hapa kuna taa inahesabu vumbi, hii waya ni ya stima. Haina kitu kingine." Halafu nyamaza aangalie. Swali la pili huwa ni stima nani analipa, na ni swali la haki. Kifaa kidogo cha vumbi kinakula wati chache tu lakini tokeni ni tokeni, kubalianeni kikundi kitakuwa kinatuma kitu kila mwezi ama mtatumia sola. La tatu: "Mkipata hewa yetu ni mbaya itakuwaje, tutafukuzwa?" Usilipite haraka hili. Ripoti ya uchafu inaweza kutumika kama sababu ya kubomolewa badala ya sababu ya kusafishiwa, kwa hivyo ukijibu "hapana haiwezi" unadanganya. Jibu la kweli ni kwamba mtakubaliana pamoja data itatoka vipi, na nani ataongea kwa niaba ya mtaa ikitoka, na iandikwe hapo hapo mbele ya watu.

Mtu akikataa kifaa kisiwe kwake amekataa, usirudi na soda. Na akikubali leo aweze kubadilisha mawazo kesho bila kueleza kwa nini.

Pahali pa kufunga: ukuta wa nyumba, shule, kanisa, msikiti, kliniki, hizo unaomba mwenyewe. Nguzo ya Kenya Power usiguse bila barua yao, ni hatari ya kukuua mbali na kuwa kosa. Taa za barabarani na hifadhi ya barabara zina wenyewe pia, kaunti ama zile mamlaka za barabara za serikali, KURA na KeNHA, kulingana na barabara, uliza ni ya nani kabla ya kuchimba shimo.

Hatua ya 4: Bandika karatasi inayosomeka

Kila kifaa kiwe na bango dogo chini yake, kwa urefu wa macho ya mtu, lugha ambayo hapo mtaani inaongewa. Kitu kama hiki:

KIPIMO CHA HEWA. Kinapima vumbi, joto na unyevu. Hakina kamera. Hakina maikrofoni. Hakisomi simu yako. Namba zake ziko wazi kwa kila mtu, bure. Kimewekwa na kikundi cha vijana wa mtaa huu. Una swali ama hutaki kiwe hapa? Piga namba ya kikundi iliyo hapa chini.

Basi. Namba iwe ya kikundi, si ya kijana mmoja ambaye akihamia Rongai kesho mtaa unabaki unapigia hewa. Na bango lisiseme uongo hata kidogo, kama kuna maikrofoni ya kupima desibeli andika "kina maikrofoni ya kupima ukubwa wa kelele, hakirekodi maneno".

Hatua ya 5: Hakikisha namba zako si za kutisha watu bure

Maadili si faragha peke yake. Kutoa namba mbovu ni kuumiza watu pia, mzazi atahamisha mtoto shule kwa sababu ya kifaa kilichofungwa juu ya jiko la chapati.

Hivi vidude vya bei nafuu vinahesabu chembe kwa kuzimulika na leza na kusoma mwanga unaotawanyika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe zinavimba kwa maji na kifaa kinafikiri vumbi limeongezeka. Nairobi hiyo inatokea sana alfajiri za Juni na Julai na wakati wa mvua ndefu, namba zinapanda asubuhi na sehemu ya kupanda huko ni ukungu. Kwa hivyo kifaa kiwe na kipimo cha unyevu pembeni, na uhifadhi namba zote mbili, ile ghafi na ile uliyorekebisha. Usifute ghafi kamwe, mtu akija na njia bora ya kurekebisha mwaka ujao ataihitaji.

Kabla ya kusambaza vifaa mtaani viweke vyote pamoja sehemu moja kwa wiki kadhaa uone kama vinakubaliana, na ukiweza viweke karibu na mashine ya maana ya chuo kikuu ama taasisi yoyote itakayokukubalia. Kile kinachosema tofauti na wenzake peke yake kitoe. Halafu kifunge juu kiasi, mbali na jiko, mbali na bomba la jenereta, mbali na pahali pa kuchoma takataka, isipokuwa swali lenu ni kuhusu hicho chanzo hasa, na kama ni hivyo sema wazi kwenye maelezo.

Wakati wa kulinganisha na viwango kuwa mwangalifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema PM2.5, yaani zile chembe ndogo zinazoingia mpaka ndani ya mapafu, wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo na wastani wa mwaka usizidi 5. Soma tena: saa 24, na mwaka. Ukichukua namba ya dakika moja wakati jirani amewasha makaa uiweke mtandaoni na maneno "mara kumi ya kiwango cha WHO" umedanganya watu hata kama namba ni ya kweli. Kwa kelele kanuni za NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, za 2009 zinasema eneo la makazi nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na mchana wao unaishia saa mbili usiku, baada ya hapo ni usiku kisheria hata kama baa ndio inafungua.

Na jambo moja naomba ushike sana. Usitaje kiwanda kwa jina kutokana na kifaa kimoja. Upepo wa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki, lakini hugeuka, na moshi uliopimwa kwako unaweza kuwa umetoka kwingine kabisa. Unaweza kushtakiwa kwa kuharibu jina la mtu, na vibaya zaidi ukishindwa hapo mtaa mzima unaonekana ni waongo. Peleka data NEMA uombe waje wapime kwa maabara zao, hiyo ndio inasimama kortini. Data yako kazi yake ni kuonyesha wapime wapi na saa ngapi.

Hatua ya 6: Amua nini kitoke na kitoke vipi

Sasa data iko, unataka kuiachilia. Kwanza lokesheni. Ramani ikionyesha nukta juu ya paa la mtu, umeonyesha dunia nzima nyumba ya aliyewasaidia, na kwenye ploti ya mabati hata mita kumi ni mlango mwingine. Kwa kifaa kilicho kwa nyumba ya mtu sogeza nukta, punguza desimali za GPS zibaki tatu hivi, ambayo ni kama mita mia moja, ama weka jina la kijiji tu. Kwa shule na kanisa, ambazo ni za umma na zimekubali, weka kamili. Na usitumie jina la mtu kuwa jina la kifaa, nimeona "Mama fulani balcony" kwa ramani iliyo wazi kabisa. Kipe namba.

Muda pia unaongea. Kifaa cha ndani ya nyumba kikitoa joto na vumbi kila dakika mtu atajua saa unapika, saa unatoka, na wiki ambayo hakuna mtu nyumbani. Kwa vifaa vya majumbani toa wastani wa saa nzima na uchelewe siku moja ama mbili. Vya barabarani toa papo hapo, hapo hakuna siri ya mtu.

Usifikiri kuficha majina kunatosha. New York mwaka 2014 ilitoa data ya safari za teksi karibu milioni 173, namba za teksi zikawa zimegeuzwa kuwa herufi zisizoeleweka, na fundi mmoja akazirudisha zote kwa muda mfupi sana juu njia ya kuzigeuza ilikuwa dhaifu. Fikiria hiyo ni data ya boda wa stage yenu, analala wapi, anambeba nani, saa ngapi. Sasa weka hiyo kando ya Digital Matatus, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia walipanda matatu wakirekodi njia na stage kwa simu, wakatoa ramani na data wazi mwaka 2014, bila kumwanika dereva wala abiria, juu walichopima ni njia. Map Kibera ni hivyohivyo, tangu 2009 vijana wa hukohuko wameweka maji, vyoo, shule na kliniki kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, vitu vya mahali.

Faili yenyewe iwe rahisi, CSV inatosha, yaani jedwali la maandishi matupu, mtu aifungue hata kwa saiba. Mstari wa mfano:

muda, kifaa, pm25_ghafi, pm25_rekebishwa, unyevu, joto
2025-07-14T07:00+03:00, KH-04, 61.2, 43.5, 88, 14.1

Angalia hiyo saa. Hii ni saa moja asubuhi yetu, imeandikwa 07:00 na +03:00 mwishoni ili mtu wa Kisumu na mtu wa Chicago wasome kitu kimoja. Kama kuna wasaidizi wanaoandika kwa mkono kwenye daftari sema kabisa mwanzoni ni saa za Kiswahili ama za simu, juu "saa 1" imeharibu daftari nyingi na huwezi kuitengeneza baadaye.

Pamoja na faili weka maelezo: kifaa cha aina gani, kiko juu mita ngapi, kimeelekea wapi, kilirekebishwa vipi, siku gani stima ilipotea, nani amelipa gharama. Hiyo ya nani amelipa wengi huiacha, iweke. Na weka leseni, CC BY 4.0 ni sawa kwa wengi, yaani yeyote atumie bora ataje nyinyi. Data bila leseni si huria, ni data imeachwa barabarani. Halafu, na hii ndio mitaa hulalamikia zaidi, rudisha matokeo nyumbani kabla ya mahali pengine popote. Chati moja kwa karatasi pale kliniki, ujumbe wa Kiswahili kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, tangazo kwa redio ya jamii. Si sawa mtafiti wa nje kujua hewa ya mtaa wa Viwandani kabla ya mtu wa Viwandani.

Hatua ya 7: Jitayarishe kwa wale watakuja kuuliza

Watakuja. Mwanahabari, kampuni, mwanasiasa wakati wa kampeni, na polisi. Andikeni mapema mtajibu vipi. Ile iliyo wazi iko wazi kwa wote sawa, usimpe mwanasiasa mmoja mapema. Ile ya ndani, majina na simu za waliokubali vifaa, haitoki. Polisi wakitaka, uliza kwa heshima barua, kifungu cha sheria ama amri ya korti, na mtafute wakili kabla ya kujibu. Kinga kubwa kushinda zote ni kutokuwa nayo. San Diego iliweka taa za barabarani zaidi ya 3,000 zenye vihisi na kamera, wananchi wakaambiwa ni za kuokoa stima na kujua msongamano wa magari, kufikia 2018 polisi walikuwa wanachukua video, na wakazi wengi walikuja kujua baadaye kabisa. Sisemi polisi wasishike wezi. Nasema waliokubali taa hawakuulizwa kuhusu kamera, na ukibadilisha kazi ya kifaa lazima urudi barazani upya.

Data ya watu ikivuja, simu imeibiwa ama karatasi ya Google imeachwa wazi, na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, sheria inataka umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 na uwaambie wenyewe pia. Mwenye data akiuliza mna nini kumhusu mjibu, kanuni zinakupa siku 7. Na mtu asiporidhika ana haki ya kulalamika ODPC, mwambie hivyo hata kama analalamikia nyinyi.

Hatua ya 8: Dai na ile ya serikali

Vipimo vyenu vinakuwa na nguvu vikikaa pamoja na vya kaunti na NEMA. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili ama Kiingereza, na kupeleka ombi hakulipiwi, wanaweza kukutoza gharama ya nakala tu. Barua haihitaji ufundi:

"Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa wadi hii. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba vipimo vyote vya ubora wa hewa vilivyochukuliwa na ofisi yako katika wadi yetu kuanzia Januari hadi Desemba mwaka jana, katika faili ya kompyuta inayoweza kufunguliwa kama jedwali, pamoja na majina ya vifaa vilivyotumika. Naomba jibu kwa barua pepe."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe. Wana siku 21, wanaweza kuongeza mara moja zisizozidi 14, na kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Kimya kinahesabiwa ni kukataliwa, na hapo una siku 30 za kupeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Hiyo tarehe ya muhuri ndio itakusaidia, kwa hivyo usiiache barua kwa mlinzi. Omba faili ya jedwali kwa maneno hayohayo la sivyo utaletewa picha ya karatasi ambayo huwezi kupiga hesabu. Wakikupa, iweke wazi pia pale pale na yenu, na useme imetoka kwao.

Hatua ya 9: Panga siku ya kutoa

Kila kifaa kiwe na tarehe ya kuisha, hata kama mtaongeza. Feni inachoka, leza inachafuka na vumbi lile lile inalopima, namba zinaanza kuteleza polepole na hakuna anayeona. Kila miezi michache kirudishe karibu na kingine kizuri ulinganishe, kikikataa kitoe. Ufadhili ukiisha msikimbie mkaacha maboksi yamekufa ukutani, mtaa ujao hautawafungulia mlango, wala wa kikundi kingine kitakachokuja na nia nzuri. Bandueni, zibeni matundu ya misumari, futeni orodha ya majina na simu za wenyeji kwa kompyuta zote na simu zote na ile nakala ya Drive, mwambieni kila mmoja kwamba imefutwa. Data ya hewa iacheni mahali itaendelea kupatikana, nakala moja kwa OpenAQ ama jukwaa lingine la wazi na nyingine kwa maktaba ama shule ya hapo mtaani, na nenosiri liwe na watu wawili wasioishi nyumba moja.